Damu Safi na Damu Chafu: Maneno ya Moyo na Mapafu katika Vitabu vya Shule

Wakosoaji wa istilahi hupenda kuuliza neno limetoka wapi: kama ni la Kibantu, la Kiarabu, au la Kizungu lililovishwa irabu mwishoni. Swali hilo lina faida yake. Lakini katika vitabu vya sayansi liko swali kubwa zaidi, nalo ni kama neno lasema kweli. Nataka kulijaribu swali hilo katika sehemu moja ndogo ya masomo, yaani maelezo ya moyo, mapafu na mwendo wa damu, ambayo watoto wa Tanzania wameyasoma kwa Kiswahili tangu lugha yetu ilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967.

Maelezo yaliyozoeleka ni haya. Moyo una vyumba vinne. Upande wa kushoto una damu safi, na upande wa kulia una damu chafu. Ateri huchukua damu safi, vena huchukua damu chafu, na damu chafu husafishwa mapafuni. Mwanafunzi huyakariri maneno hayo, huyaandika katika mtihani, na alama zake hupata. Kwa sikio la Kiswahili sentensi hizo hazina ila: ni fupi, zina mizani, na kila neno lina mwenzake wa kulijibu. Kwa hakika uzuri huo ndio uliozidumisha. Lakini zikipimwa kwa kile kinachotendeka mwilini, sentensi mbili za kwanza tu ndizo zisimamazo bila msaada, na ya pili husimama kwa mguu mmoja.

Tutazame ile iitwayo damu chafu. Mtu akiwa amepumzika, damu inayorudi moyoni kutoka mwilini bado ina kiasi cha robo tatu ya oksijeni iwezayo kubebwa nayo. Damu itokayo matumboni kwenda inini imebeba chakula kilichosagwa, nayo imo katika vena. Na figo, ambazo kazi yake hasa ndiyo kusafisha, hupokea damu kwa ateri na kuirudisha kwa vena. Kwa hiyo damu iingiayo figoni, ambayo kitabu chaiita safi, ina taka nyingi ya urea kuliko ile itokayo, ambayo kitabu chaiita chafu. Hapa sifa hizi mbili zimebadilishana mahali, wala mwandishi hakuona. Mapafu hayasafishi damu kwa maana ya mtu afuaye nguo. Huipa oksijeni na kuipunguzia kaboni dayoksaidi, basi.

Tena neno chafu halikukutwa na sayansi likiwa limekaa bure. Lilikuwa na kazi zake za zamani. Mtu mwenye majipu na upele huambiwa ana damu chafu, naye hutafutiwa dawa ya kuisafisha. Mtu mwenye kichefuchefu husema moyo wamchafuka, naye hasemi habari za moyo kabisa. Ni kama yule aonyeshaye chembe cha moyo na kugusa shimo la juu ya tumbo. Mtoto aliyelelewa katika lugha hii, aambiwapo kwamba nusu ya moyo wake imejaa damu chafu, husikia habari ya ugonjwa. Mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima aliyekuwa mwalimu wa shule, aliniuliza kwa nini mtoaji damu hudungwa sindano katika vena ya mkono, ikiwa vena hubeba damu chafu: je, mgonjwa apewe uchafu? Swali lake lilikuwa la haki. Alikuwa amekisadiki kitabu na kufuata hoja mpaka mwisho wake. Ikiwa mwalimu aliona shaka, mzazi aombwaye damu kwa ajili ya mwanawe ataona nini?

Watetezi wa maneno haya husema kwamba mtoto ataka neno jepesi. Sikatai. Lakini wepesi wa neno si ufupi wake tu. Neno limlazimishalo mwalimu kulikanusha mwaka wa pili ni zito, hata likiwa na silabi mbili. Wala kasoro hii haikuzaliwa kwetu. Vitabu vya Kiingereza vya karne ya 19 vilisema vivyo hivyo, na hapana shaka wafasiri waliipokea pamoja na michoro yake ya rangi nyekundu na buluu. (Michoro hiyo imewafanya watu wengi kuamini kwamba damu ya vena ni ya buluu. Ni nyekundu iliyoiva.)

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza kwa mtu wa lugha, maana ni kosa la fasili. Ukiifasili ateri kuwa mshipa wa damu safi, papo hapo wapaswa kuongeza: isipokuwa ateri ya mapafu. Ukiifasili vena kuwa mshipa wa damu chafu, waongeza: isipokuwa vena za mapafu. Fasili ihitajiyo isipokuwa katika kiungo kilekile inachokieleza haijafasili kitu. Na dawa yake imo ndani ya sarufi yetu. Ateri ni mshipa utokao moyoni. Vena ni mshipa uingiao moyoni. Kirejeshi na mahali, viwili hivyo vyatosha, wala hapana mshipa hata mmoja wa moyo utakaohitaji kusamehewa. Lugha nyingine zingetaka sentensi nzima kwa jambo hili.

Kuhusu maneno ateri na vena yenyewe, sioni sababu ya kuyafukuza. Kiswahili kilichukua damu na roho kutoka Kiarabu, lakini hakikuchukua majina ya Kiarabu ya mishipa hii miwili, na mshipa peke yake hauwezi kubeba mzigo wote: kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na mwenye ngiri naye husema ana mshipa. Wako wanaotaka neno lijieleze lenyewe. Hao nawakumbusha kwamba ateri kwa Kigiriki ilihusu njia ya hewa, kwa kuwa watu wa kale waliipasua maiti wakaikuta mishipa hiyo mitupu. Jina limebeba kosa hilo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, lakini kwetu halimdhuru mtu, kwa sababu halisemi neno katika Kiswahili. Chafu lasema, na lasema kwa sauti kubwa.

Neno mzunguko ni jema, ila lataka kulindwa. Mtu azungukaye mjini huenda asirudi alikoanzia, na mtu wa pwani ayajuaye maji kujaa na kupwa atadhani damu hurudi kwa njia ileile iliyoendea. Sivyo. Njia ni mbili, na damu hupita moyoni mara mbili katika safari moja: upande wa kulia huisukuma mapafuni, upande wa kushoto huisukuma mwilini kote. Ibn al-Nafis, tabibu wa Dameski aliyefia Kairo mwaka 1288, alikwisha kuandika kwamba damu haipenyi ukuta ulio kati ya pande hizo, bali hupita mapafuni. William Harvey alithibitisha mzunguko wote katika kitabu chake cha mwaka 1628, na sehemu ya hoja yake ilikuwa hesabu tu. Kwa vipimo vya leo, moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika na kutoa mililita 70 hivi kwa kila pigo. Hizo ni karibu lita 5, yaani damu yote ya mwili, kwa dakika moja. Hapana ini liwezalo kutengeneza damu mpya kwa kasi hiyo, basi lazima ni ileile irudiyo. Hesabu hii mtoto wa darasa la sita aiweza, nami nashangaa kwamba vitabu huiacha.

Moyo ni bomba, husema wengine. Lakini bomba kwetu ni chombo cha kusukumia na pia ni mrija wa kupitishia, na hapa tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe, afadhali pampu. Moyo uko kushoto, husema tena. Uko katikati ya kifua, ncha yake imelala kushoto. Mapafu hayana matata mengi ya lugha. Pafu limetosha, ingawa yavuyavu ni neno zuri linalofaa kutunzwa, na wauza supu wa Dar es Salaam wana mapupu yao.

Kilichobaki ni kapilari, mishipa midogo kabisa iunganishayo ateri na vena. Harvey hakuiona, Marcello Malpighi aliiona kwa hadubini mwaka 1661 katika pafu la chura. Vitabu vyetu huitaja kwa mstari mmoja, baada ya kumaliza kurasa mbili za safi na chafu, hali ni humo, na humo tu, ambamo damu hutoa na kupokea chochote.