Pindo la Vidole Vinne

Somanda ni kata ya mji wa Bariadi, na Bariadi ni nchi ya pamba. Mkoa wake, Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, ndio unaotajwa kila mara kuwa kinara wa zao hilo Tanzania. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, hufurika, na nyuzi nyeupe hunasa kwenye miiba kandokando ya barabara. Sehemu kubwa ya pamba hiyo, ikishachambuliwa, huenda ng'ambo ikiwa marobota. Yanarudi marobota mengine, ya mitumba, na humo ndimo mama wa Somanda anamochambua fulana ya mwanawe. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kufuta nafuu ya ushuru ya AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika, na ni Rwanda tu iliyokaza shingo.

Simlaumu mama huyo. Ukitaka kumshonea mwenyewe, jumlisha kitambaa, uzi, vifungo na mkaa wa pasi, utakuta mtumba umekushinda kwa bei. Anayejifunza kumshonea mtoto ili abane matumizi atavunjika moyo mapema. Mimi naisifu kazi hii kwa jambo jingine: humlazimisha mzazi kumtazama mtoto wake.

Chukua shingo peke yake. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Cha mtu mzima ni kama moja ya nane. Kata gauni kwa kufuata shingo ilivyo, halitapita kichwani. Lipanue lipite, litamporomoka mabegani. Ndiyo maana hupasuliwa mgongoni na kutiwa kifungo. Tumbo nalo limekipita kifua na kiuno hakijulikani kilipo, kwa hiyo marinda huanzia juu, chini kidogo ya kwapa, yakaachwa yaning'inie. Mwili huo mama ameubeba mgongoni miezi na miezi, lakini hajaujua hivyo mpaka siku aliposhika futi kamba.

Kujifunza huanzia kwenye mabaki, vile vipande vya kitenge ambavyo fundi wa barazani huvisukuma kwa mguu chini ya cherehani. Kaptula ndiyo ya kwanza: mishono yake michache, na lastiki husamehe mengi. Ile ya zamani hukunjwa katikati, ikalazwa juu ya gazeti na kuzungushiwa kalamu, ukiongeza upana wa kidole kwa ajili ya mshono. Kitambaa kiwe kimeshalowekwa kikakauka, maana pamba hurudi ikifuliwa. Kwa kuchorea, Simiyu ina chaki zake za Maswa, lakini mimi nachagua kipande chembamba cha sabuni kilichobaki bafuni. Hakina vumbi, na mstari wake huondoka kwa maji.

Kwapa ndipo pagumu. Kitambaa kilichonyooka kinatakiwa kizunguke, na usipokipasua vipasuo vidogo ukingoni kwa ncha ya mkasi, bila kugusa mshono, kitakunjamana na mtoto atajikuna siku nzima. Hapo cherehani ya kukanyaga inaishinda ya umeme. Mguu ukisita, nayo husita.

Lakini ufundi wenyewe hasa uko kwenye pindo. Nguo ya dukani ina pindo jembamba kwa sababu kiwandani kila sentimita ina hesabu yake. Anayemshonea wake huacha vidole vinne, akakunja mara mbili na kushona kwa mkono, mishono mirefu iliyo rahisi kufumua, kwa kuwa anamshonea pia mtoto wa mwakani ambaye hajamwona. Pindo likishushwa hubaki mstari uliokoza, pale ambapo jua halikufika. Mafundi huufunika kwa lesi. Mimi naona uachwe; hauna aibu yoyote.

Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, mafundi wa sare hukubali kazi zote kisha huanza njoo kesho, njoo keshokutwa. Aliyejifunza yuko uani kwake na wembe, anafumua pindo la sketi ya bluu ya mwaka jana, na mwenye sketi amesimamishwa juu ya stuli apimwe, analalamika kwamba wenzake wameshaanza kucheza.