Sinema Inaponyamaza

Msomaji, bila shaka umepata kuulizwa na mwenzako, "Sinema uliyoitazama ilikuwaje?" nawe ukajibu, "Ilikuwa nzuri," au, "Haikunipendeza." Jibu hilo ni halali, kwa kuwa kila mtu ana haki ya kupenda na kuchukia. Walakini halimfai mwenzako kitu. Hajui bado kama aitazame au aiache, na wewe mwenyewe pengine hujui hasa ulichokipenda. Katika kurasa hizi nataka kukuonyesha njia moja ya kuzungumza juu ya sinema, za zamani na za sasa, ambayo mimi huitumia kila nimalizapo kutazama. Si njia ya pekee, wala sikuitunga mimi. Tulipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu mmoja alikuwa na desturi ya kuzima sauti ya sinema katikati na kutuuliza tunaona nini. Mwanzoni tulinung'unika. Baadaye tukatambua kwamba sinema nyingine hufa papo hapo sauti ikizimwa, na nyingine huzidi kuishi.

Jaribu kwanza kwa sinema uijuayo. The Lion King imetengenezwa mara mbili na kampuni ya Disney, mwaka 1994 kwa picha zilizochorwa, na mwaka 2019 kwa picha za kompyuta zinazofanana mno na simba wa kweli. Mahali ni pale Mufasa alipokufa bondeni baada ya kukanyagwa na nyumbu, na mtoto wake anakuja kumwamsha. Zima sauti. Katika ile ya zamani utaona uso wa mtoto ukibadilika: tumaini, shaka, hofu, kisha anajipenyeza chini ya mkono wa baba yake kana kwamba baba amelala tu. Katika ile mpya utaona simba mdogo mzuri sana, mwenye manyoya yanayohesabika, lakini uso wake hauelezi jambo. Simba wa kweli hana uso wa kulilia. Waliotengeneza walishughulika sana kutuonyesha mnyama, wakaliacha kwa sauti peke yake jukumu la kutuonyesha yatima. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba sinema mpya ni bora kwa kuwa picha zake zinafanana na ukweli zaidi, unalo neno la kumjibu.

Sasa nenda nami mbali zaidi, kwenye sinema ambayo huenda uliikataa kwa sababu haina rangi. Mwaka 1927 sinema za Marekani zilianza kusema, na baada ya miaka michache karibu kila mtengenezaji wa Hollywood alikuwa amefuata mtindo huo. Charles Chaplin hakufuata. Mwaka 1931 alitoa City Lights, ambayo ndani yake mna muziki na milio, lakini hamna mazungumzo ya midomo. Hata wakubwa wanaohutubia watu mwanzoni, sanamu ya mji inapozinduliwa, hawatoi maneno bali mlio wa kuchekesha tu. Kwa pigo moja Chaplin aliwafanyia mzaha wakubwa hao na sinema zisemazo pia.

Kisa chake ni chepesi. Mzururaji asiye na nyumba anampenda msichana kipofu auzaye maua njiani. Msichana anamdhania kuwa tajiri, kwa sababu alisikia mlango wa motokaa ukifungwa na mtu akaondoka. Fikiri jambo hilo: katika sinema isiyosema, kisa kizima kinasimama juu ya kitu kilichosikiwa na mtu asiyeona. Chaplin aliipiga picha sehemu hiyo mara nyingi mno kabla ya kuridhika, maana ilimbidi atueleze kosa la msichana bila ya kulitamka. Mzururaji anatafuta fedha za kumtibu macho, anazipata, anampa, kisha anafungwa gerezani kwa kudhaniwa mwizi.

Anapotoka, nguo zake ni matambara. Msichana amepona, naye ana duka la maua. Anamwona maskini huyu nje ya kioo, anacheka, kisha anatoka kumpa ua na sarafu. Anaushika mkono wake ili aitie sarafu kiganjani. Vidole vinaujua mkono ule. Macho yake, ambayo mzururaji aliyanunua kwa kifungo, hayakumtambua. Waliomtambua ni vidole. Mnatokea maneno machache yaliyoandikwa, na sinema inakwisha juu ya uso wa mzururaji anayetabasamu kwa aibu, ua li mkononi karibu na kinywa.

Je, msichana amefurahi au amevunjika moyo? Alikuwa akimngojea tajiri, na aliyekuja ni huyu. Nimeuonyesha mwisho huo kwa wanafunzi wa vidato mbalimbali, na sijapata darasa lililokubaliana. Wengine husema atampenda, kwa kuwa wema wake ni uleule. Wengine, na aghalabu ni wasichana, husema uso wake ni wa mtu anayejilazimisha. Siku moja kijana mmoja alisema kwa hasira kwamba Chaplin alikuwa mvivu, yapasa angemaliza hadithi yake. Namheshimu kijana huyo kuliko wale waliosema tu kwamba ni nzuri, maana aliona kwamba kuna kitu ambacho hakikusemwa. Mimi kwa upande wangu naona msichana amevunjika moyo na ameguswa kwa wakati mmoja, na kwamba neno moja zaidi lingeharibu yote.

Lawama ya pili nisikiayo juu ya sinema za zamani ni kwamba zinakwenda polepole. Kuna polepole ya uvivu, nayo haina dawa. Lakini tazama Ladri di biciclette, yaani "Wezi wa Baiskeli", ya Mwitalia Vittorio De Sica, iliyotoka mwaka 1948. Antonio amepata kazi ya kubandika mabango katika mji wa Roma baada ya vita, na kazi hiyo yataka baiskeli. Baiskeli yake iko rehani. Mkewe anatandua mashuka ya vitanda vyao na kuyapeleka dukani yakawekwe rehani badala yake. Karani anayapokea, kisha mfanyakazi anapanda nayo kwenye rafu, juu, juu zaidi, na kamera inamfuata bila haraka. Ndipo tunapoona kwamba rafu zile zimejaa vifurushi vya mashuka mpaka darini. Hapana mtu anayetuambia kwamba mji mzima unalala bila mashuka. Wakati ule mtu apandao rafu ungefupishwa, tungekuwa na habari ya familia moja. Kwa kuwa haukufupishwa, tunayo habari ya Roma. Aliyemwigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, si mwigizaji wa kazi, na nadhani ndiyo sababu anashika baiskeli kama mtu aliyepata kuogopa kuikosa.

Huenda utaniambia, "Mwalimu, sisi tuna wasimulizi wetu." Kweli tunao, nao ni jambo kubwa katika nchi yetu. Katika vibanda vya video, katika matatu na sasa katika simu, vijana wengi wamezijua sinema za Hong Kong, za Bara Hindi na za Marekani kwa sauti ya msimulizi kama DJ Afro, ambaye huzifasiri kwa Kiswahili cha mitaani, akiwabatiza mashujaa majina mapya na kutia utani usiokuwamo. Mimi siwadharau hata kidogo. Japani nao walikuwa na wasimulizi wao waliosimama kando ya sinema za kimya, na watu walikwenda kuwasikiliza hao kuliko kutazama picha. Nairobi Half Life, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga mwaka 2012, inaanza kwa kijana Mwas auzaye sinema kijijini kwa kuziigiza yeye mwenyewe mbele ya wanunuzi, na sehemu hiyo ina uhai kuliko nyingi zinazofuata. Usimulizi ni sanaa, na sinema dhaifu ya mateke na bastola hunufaika nao.

Lakini sikiliza historia kidogo. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda kitengo cha filamu za makoloni, Colonial Film Unit, kilichodumu mpaka mwaka 1955. Magari ya sinema yalizunguka vijijini, Kenya ikiwamo, yakionyesha picha za vita, za kilimo na za usafi, na msimulizi akaeleza kila kitu kwa lugha ya wenyeji. Wakubwa wa kitengo hicho, hasa William Sellers, waliamini kwamba mtazamaji Mwafrika hawezi kufuata picha zibadilikazo upesi. Kwa hiyo picha zilikwenda pole, bila hila yo yote, na hapana jambo lililoachwa kwa mtazamaji. Imani ile ilikuwa tusi. Msimulizi wa leo hana nia hiyo. Yeye ni mwenzetu na anatuchekesha. Hata hivyo, anapoijaza kila nafasi ya kimya kwa maneno, matokeo yake kwa jicho ni yaleyale: tunaambiwa kabla hatujaona. Ukiizoea hali hiyo tangu utotoni, ukikutana na sinema inayonyamaza utadhani imeharibika.

Nakusihi basi uitafute La Noire de... ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966, isiyozidi muda wa vipindi viwili vya darasani. Jina lenyewe limekatwa: mweusi wa nani? Diouana ni msichana wa Dakar anayechukuliwa na mabwana zake wa Kifaransa kwenda mji wa Antibes. Alidhani atatunza watoto kama alivyofanya Dakar. Anajikuta anapika, anafua na kusugua, na Ufaransa aliyoiota ni jikoni, chumba cha kulala na dirisha. Mbele ya mabwana anajibu maneno machache tu. Siku inapofika barua ya mama yake, naye hajui kusoma, bwana anamsomea, kisha anaanza kumwandikia majibu ambayo yeye hakuyasema. Diouana anaichana barua. Sijui mahali pengine katika sinema ambapo mtu ameporwa sauti yake kwa wema namna ile.

Nina lawama moja. Sisi tunaisikia sauti ya ndani ya Diouana, nayo inasema Kifaransa fasaha ambacho msichana huyu hangekuwa nacho, tena aliyeisema ni mwigizaji mwingine, si Mbissine Thérèse Diop tumwonaye. Kila sauti ile inapoeleza uchungu ambao uso umekwisha uonyesha, hutamani ingenyamaza. Lakini baada ya Diouana kujitoa uhai katika nyumba ile, hasemi tena, na sinema inapanda. Bwana anarudi Dakar kumpelekea mama fedha na kinyago ambacho Diouana aliwapa zamani kama zawadi. Mama anazikataa fedha. Mvulana mdogo anakivaa kinyago na kumfuata bwana njiani, hatua kwa hatua. Bwana anageuka nyuma, anaongeza mwendo, anageuka tena. Mvulana hamfanyi lo lote. Anamfuata tu. Wewe usomaye haya huenda una dada au shangazi aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, na simu zake zikawa fupi. Basi hutahitaji msimulizi wa kukueleza kile kinyago.

Namalizia na ya kwetu na ya karibu zaidi, Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018 na kutajwa kwa heshima na watoto waamuzi katika tamasha la Berlin mwaka huohuo. Jo ana umri wa miaka tisa, anapenda sinema za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na ana ugonjwa usiopona. Mama anamtoa hospitali kumleta nyumbani kijijini. Dada yake Mwix hawezi kuvumilia kumwona akilala akingoja, hivyo anamhadaa aamini kwamba naye ana nguvu kama za mashujaa wale, na kijiji chote kinaingizwa katika hila hiyo. Sinema hii ina sehemu za kutoa machozi kwa nguvu, ambazo ningezipunguza, na muziki wake hujisukuma mbele mara nyingine pasipo haja. Stycie Waweru, aliyemwigiza Jo, hahitaji msaada huo.

Mwisho wake sitakuambia. Nitakutajia mahali pamoja tu. Jo anadhani anaweza kuusimamisha wakati, na watu wazima, watu wenye shughuli zao, wanasimama kama masanamu, miguu imeinuliwa, mikono imenyooshwa, hapana anayepepesa. Mtoto anatembea katikati yao akiwatazama. Yeye anaona nguvu zake. Sisi tunaona majirani wanaojua kwamba atakufa, nao wamezuia pumzi. Ukifika hapo, kama unatazama katika simu na mwenzako yu karibu anataka kukueleza kinachotendeka, mwombe angoje kidogo.