Ufundi wa Kunyamaza

Kwenye kituo cha chai karibu na Kiptere, alasiri, lori la kiwanda likiwa halijafika, utakuta watu wengi wanaoongea na mmoja asiyeongea. Wanamwita Kogo, kama bibi yeyote wa Kipsigis anavyoitwa. Humwaga chai yake juu ya gunia akaanza kuichambua: majani mawili na chipukizi vinabaki, yaliyokomaa yanatupwa kando. Siku niliyomtazama, kijana mmoja alichuchumaa karibu naye akaanza kuchambua bila kuombwa. Husemwa kwamba huyo alikuwa akikokotoa hesabu kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuiandika ubaoni, kisha shule ikamshinda kwa mambo yasiyohusu hesabu. Kitambo kikapita kimya. Alipofungua kinywa alianza na bei ya mbolea. Kogo akaitika "eeh", mikono ikiendelea na kazi. Toka kwenye mbolea wakaingia kwenye ng'ombe, toka kwenye ng'ombe wakamfikia marehemu baba yake, na hapo vidole vya bibi vikapunguza kasi. Hakuinua macho. Angemkazia macho, nadhani kijana angekimbilia tena mbolea.

Ufundi huo nimewahi kuuona mahali pengine, kwenye filamu ya Marekani, Good Will Hunting, ya 1997. Wengi wanaikumbuka kwa lile kumbatio la machozi la karibu na mwisho. Mimi sikisahau kikao ambamo hakitokei kitu. Will, gwiji wa hesabu anayefagia korido za chuo cha MIT, keshawafukuza kwa dhihaka wataalamu waliomtangulia Sean, mshauri anayeigizwa na Robin Williams. Na Sean naye wamekwisha kukwaruzana. Basi wanakaa, saa nzima, hakuna anayetamka neno. Kijana anaitazama saa. Sean anastahimili, kwa kuwa anajua kwamba akianza yeye, mazungumzo yatakuwa yake. Profesa Lambeau, aliyemleta kijana, haamini kuwa saa nzima imepita hivihivi. Uigizaji ule ulimpa Williams tuzo ya Oscar mwaka 1998, na kwangu mimi aliistahili kwa sababu ya kimya kile kuliko kwa maneno yake yote, ambayo nayo ni matamu.

Kunyamaza kwa namna hiyo ni kazi ya mikono na macho na pumzi. Lazima ujue pa kuitikia, pa kuacha, na pa kujifanya hukusikia. Wazee walipoketi kwenye kokwet, baraza la kijiji, mwenye shauri aliachwa alizungushe mpaka alifikie mwenyewe, na kumkatiza ilikuwa fedheha. Sitawapamba kupita kiasi: wanawake na vijana walingoja zamu yao mno, na wengine haikuwafikia.

Lakini sisi tumebakiwa na nini? Kijana akisema amechoka anaambiwa ajikaze. Akienda kanisani anaombewa kabla hajamaliza sentensi. Anayemsikiliza ana simu mkononi. Mashine za kuchuma chai zilipoingia kwenye mashamba ya makampuni makubwa ya Kericho, tulilia ajira, na ni haki. Mei 2023 waandamanaji walichoma moto baadhi ya mashine hizo. Hakuna aliyelilia yale maongezi ya mstarini, wachumaji wawili bega kwa bega, macho kwenye chai, siri zikitoka polepole. Ukiiendesha mashine huwezi hata kumsikia mwenzako.

Wapo wanaojaribu. Shamiri, shirika ambalo Tom Osborn ni mmoja wa waanzilishi wake, huwafunza vijana waliomaliza sekondari juzi tu waongoze vikao na wanafunzi. Jaribio lao lililohusisha wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua. Nawavulia kofia. Inauma tu kwamba jambo lililokuwa likipatikana kizingitini sasa linahitaji ratiba na kengele. Na sheria yetu ilikuwa ikimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Tulikuwa tayari kumfunga mtu ambaye hatukuwa tayari kumsikiliza.

Kwenye filamu ile, Lambeau anakipenda kipaji kuliko mwenye kipaji, na sisi Wakenya tumefanana naye. Samuel Wanjiru alikuwa na miaka 21 aliposhinda marathoni ya Olimpiki kule Beijing mwaka 2008, kwenye joto, kwa saa 2:06:32. Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafa, na miaka 25 hakuifikisha. Alikuwa na kocha, alikuwa na wakala, alikuwa na taifa zima lililojua muda wake katika kila mbio. Misukosuko ya nyumbani kwake ilipoanza kuandikwa magazetini, kila mtu alikuwa na la kumwambia.