Nani Anasema "Sisi"? Usimulizi, Shairi na Utambulisho mu Inchi ya Shaba

Ku masomo tulifundishwa kama mwandishi na musimulizi hawako mutu mumoja. Mifano yote ilitoka mu vitabu vya Ufaransa. Lakini sisi wa Kolwezi tuko na mufano wa karibu: "Vocabulaire" ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, mwaka moja mbele ya mji ule kuitwa Lubumbashi.

Jina la andiko linadanganya. Hii si kamusi. Ni historia ya mji toka kuingia kwa Wabelgiji, kama wanavyoikumbuka "maboyi", watumishi wa nyumba za wazungu. Mwandishi ni Yav, lakini musimulizi ni "sisi". Na hii "sisi" haikuzaliwa mu ukoo wala kabila moja: ilizaliwa mu kazi. Iko na mipaka yake pia. Ni "sisi" ya wanaume, juu kazi ya boyi ilikuwa zaidi ya wanaume. Mama zetu hawasemi mule sana.

Tulinganishe na kasala, shairi la Waluba. Mule mutu anajulikana kwa majina: ya baba, ya bankambo, ya inchi walikotoka. Ku matanga, muimbaji akiita majina ya marehemu, wanaobaki wanajua wao ni nani. Kasala inauliza: umetoka kwa nani? Vocabulaire inauliza: umefanya kazi gani, na kwa nani?

Kolwezi inahitaji maulizo yote mawili. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa hapa na ku Likasi, ulizo la kwanza lilibaki peke yake na likageuka silaha. Miaka waliyotumika mu Gécamines pamoja na jirani zao haikuhesabiwa kitu. Njo maana hatuwezi kusema utambulisho ni neno la darasani tu.

Inabaki mambo ya lugha. Yav aliandika Kiswahili cha kwetu, bila kutenga maneno kama vitabu vinavyotenga. Wakati Johannes Fabian alipotayarisha kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya andiko hili, Kalundi Mango alilisoma kwa sauti, na yale yaliyosikika yakaandikwa upya. Maana ilikuwa inangojea sikio. Wenye kusema "ni makosa matupu, tuyaweke mu Kiswahili bora" wangemunyamazisha musimulizi na kubakiza habari tu.

Kwa hiyo vijana wanaokusanya habari za wazee mu kambi za zamani za Union Minière, waandike kwanza vile muzee anasema. Tena akisema "sisi", wamuulize: sisi nani?