KICHEKO CHINI YA MIMBARI: UHAKIKI WA RIWAYA NYEPESI ZA KIKRISTO KWA WANAWAKE NA WASICHANA

1. Utangulizi

Kuna vitabu vinavyosomwa sana na kuhakikiwa kidogo. Miongoni mwavyo ni riwaya nyepesi za Kikristo zinazoandikwa Marekani na Kanada kwa ajili ya wanawake na wasichana. Mhakiki mwenye imani huzipita kwa kuwa anaziona kama mawaidha, na mawaidha, kwa maoni yake, hayahakikiwi bali hufuatwa. Mhakiki asiye na imani huzipita kwa kuwa anaziona kama mahubiri yaliyovishwa kanzu ya hadithi. Wote wawili wanasahau jambo moja: msomaji wa vitabu hivi hucheka. Anacheka kwanza, kisha anafundishwa. Na pengine anakubali kufundishwa kwa sababu amekwisha kuchekeshwa.

Makala haya yanachunguza kicheko hicho. Maswali yake ni matatu: nani anachekwa, nani anacheka, na kicheko kinakomea wapi? Vitabu vilivyochaguliwa ni vinne: The Enchanted Barn cha Grace Livingston Hill (1918), Love Comes Softly cha Janette Oke (1979), Summer Promise cha Robin Jones Gunn (1988) na What a Girl Wants cha Kristin Billerbeck (2004). Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu yake ya kuvitazama, kwani fasihi ya Kiswahili nayo ina jadi ndefu ya kumwusia binti kwa jina la dini.

2. Chimbuko na masharti

Grace Livingston Hill alizaliwa mwaka 1865 katika jimbo la New York. Baba yake alikuwa mchungaji, na mama yake mdogo, Isabella Alden, alikuwa mwandishi mashuhuri wa hadithi za kidini. Mumewe, ambaye pia alikuwa mchungaji, alifariki mwaka 1899 akamwachia watoto wawili wa kike. Kalamu ikawa jembe la mjane. Hadi kufa kwake mwaka 1947 alikuwa ametunga vitabu zaidi ya mia moja. Hivyo basi, wepesi wa riwaya hizi haukuzaliwa katika maisha mepesi.

Janette Oke, aliyezaliwa Kanada mwaka 1935, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1979 kwa shirika la Bethany House la Minneapolis. Ikafuatiwa na nyingine hadi kutimia nane katika mfululizo huo, na kufaulu kwake kukawafungulia wengine mlango. Robin Jones Gunn, aliyefanya kazi ya kanisa pamoja na vijana kwa miaka mingi, alianza mwaka 1988 mfululizo wa vitabu kumi na viwili juu ya msichana Christy Miller. Mwaka 1997 hata kampuni ya Harlequin ya Toronto, maarufu kwa hadithi za mapenzi zisizo za dini, ilianzisha mfululizo wa Kikristo ulioitwa Love Inspired. Hatimaye, baada ya Helen Fielding wa Uingereza kutoa Bridget Jones's Diary mwaka 1996, waandishi Wakristo nao waliiazima sauti ya mwanamke wa mjini anayejisimulia na kujicheka mwenyewe. Kristin Billerbeck ni mmojawapo.

Tasnia hii ina masharti yake, na wasomaji wake wanayajua: matusi hayaandikwi, mapenzi hayavuki mlango wa chumba cha kulala, ulevi hausifiwi, na mhusika mkuu hana budi kupiga hatua fulani katika imani. Watu wengi huyaona masharti haya kuwa pingu tu. Lakini mwanafunzi wa utenzi anafahamu kwamba sharti laweza pia kuzaa umbo. Kwa kuwa mwandishi amenyimwa kitanda na chupa, ambavyo ni visima viwili vya vichekesho duniani kote, analazimika kuchota kwingine: jikoni, kabatini, ufukweni, na katika kikundi cha sala.

3. Kicheko juu ya nafsi

Katika The Enchanted Barn, Shirley Hollister ni karani wa hati mkato. Anaulea ukoo uliofiwa na baba, na mwenye nyumba amewaambia wahame. Anakodi ghala la mawe shambani, naye Sidney Graham, kijana wa familia tajiri inayolimiliki, anasaidia kwa siri kuligeuza makao. Hapa hamna mzaha mwingi. Kilichopo ni furaha, tena furaha ya vitu: dirisha, jiko, ngazi, maua. Msomaji anafurahi kwa sababu anaona nyumba ikijengeka mbele ya macho yake. Udhaifu uko katika msuko. Wema wa Shirley unalipwa kwa mkono wa tajiri, hata ikawa kwamba baraka na utajiri hufika mlangoni kwa gari moja. Msomaji maskini asiyepata Sidney wake anaweza kuuliza kama sala zake zilikuwa pungufu, na riwaya haina jibu la kumpa.

Oke anapiga hatua kubwa zaidi. Marty, kijana aliye mjamzito, anafiwa na mumewe Clem safarini kuelekea magharibi. Siku ile ile ya maziko anaombwa kuolewa na Clark Davis, mjane mwenye mtoto mdogo, Missie, anayehitaji mlezi. Clark anaahidi kwamba majira ya kuchipua yakifika, Marty akitaka kurudi kwao, atalipiwa nauli, mradi amchukue mtoto pamoja naye. Marty anakubali kwa uchungu. Kisha inadhihirika kwamba hajui kupika, na chakula kinachotoka mikononi mwake ni chapati za maji, leo na kesho na keshokutwa.

Hapa ndipo kipaji cha Oke kinapoonekana. Kicheko hakiji baada ya msiba kwisha, bali kinaketi pamoja na msiba mezani. Chapati zile zinachekesha, lakini kila sahani inakumbusha kwamba mpishi ni mtu aliyevunjika moyo, ambaye kiburi chake hakimruhusu kuomba msaada. Clark anakula bila kulalamika. Kwa namna hiyo msomaji anaujua wema wake kwa kitendo, kabla hajaelezwa imani yake kwa maneno. Fundisho limepikwa ndani ya tukio, halikunyunyizwa juu yake. Kwa sababu hiyo, badiliko la Marty linaaminika: linakuja polepole, kama kichwa cha kitabu kinavyodokeza.

Robin Jones Gunn anamchukua msichana wa miaka kumi na minne kutoka shamba la Wisconsin na kumpeleka kwa shangazi yake tajiri katika ufuko wa California. Mwanzoni tu wimbi linamtupa mchangani akiwa amezongwa na mwani mbele ya vijana wa rika lake. Hakuna msichana asiyeijua aibu hiyo, hata asiyewahi kuiona bahari. Shangazi naye, mwenye kuamini kwamba nywele na nguo mpya zitamfanya mpwa wake kuwa mtu mwingine, ni mhusika wa kejeli aliyechorwa vizuri. Mwandishi anamcheka bila kumchukia.

Hata hivyo, riwaya hii inaonyesha pia mshono wa nguo kwa nje. Kijana Shawn anakufa baharini usiku, akiwa ametumia dawa za kulevya. Kicheko kinakatika ghafula, na kutoka hapo kitabu kinakaza mwendo kuelekea uongofu wa Christy. Si kosa kwamba kifo kimeingia katika kitabu chepesi. Oke alianza na kifo. Kosa ni kwamba Shawn hakupewa maisha ya kutosha kabla ya kufa. Msomaji hamlilii kama mtu, bali anamsoma kama onyo. Mhusika akifanywa kuwa onyo, mawaidha yameila fasihi.

4. Kicheko kinapoingia kanisani

Katika vitabu vitatu vya kwanza, anayechekwa zaidi ni mhusika mkuu mwenyewe au jamaa asiye na imani. Billerbeck anathubutu zaidi. Ashley Stockingdale, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mwanasheria wa hataza katika Silicon Valley. Kazini anaheshimiwa, kanisani yeye ni mwanamke ambaye bado hajaolewa. Kikundi cha waseja anachohudhuria kimebandikwa jina la utani la "Sababu", kwa maana kwamba kuna sababu kila mmoja wao kuwa bado peke yake.

Jina hilo moja lina uhakiki wa jamii kuliko kurasa nyingi za mahubiri. Linafichua kwamba ushirika unaotangaza upendo kwa wote una kiti cha pembeni kwa asiye na ndoa. Kwa mara ya kwanza kati ya vitabu hivi vinne, kicheko kinapanda kutoka jikoni hadi kwenye viti vya kanisa. Lakini hakifiki mimbarini. Kufikia kitabu cha tatu cha mfululizo, With This Ring, I'm Confused (2005), Ashley yuko katika matayarisho ya harusi. Jamii iliyodhihakiwa kwa kudai kwamba mwanamke hukamilishwa na ndoa inapewa, mwishowe, ndoa iliyoitaka. Msuko umeikanusha kejeli yake wenyewe.

5. Lugha ya sala

Kwa mwanaisimu, jambo la kuvutia zaidi ni sala. Ashley huzungumza na Mungu kwa sauti ile ile anayotumia kulalamikia viatu. Kiingereza cha leo kinaruhusu jambo hilo, kwa sababu sala nyingi zimekwisha kuacha viwakilishi vya kale na kufuata mazungumzo ya kawaida.

Je, mfasiri wa Kiswahili afanye nini? Kiswahili humwita Mungu "wewe" kama kinavyomwita mtoto. Adabu haiko katika kiwakilishi, iko katika msamiati na mpangilio wa maneno uliozoeleka kwa njia ya Biblia, hasa ile tafsiri ya mwaka 1952, na kwa njia ya liturujia. Msichana wa Lubumbashi hutumia angalau namna mbili za Kiswahili: moja ya kanisani, nyingine ya nyumbani, iliyochanganyika na Kifaransa. Mfasiri akichagua ya kanisani peke yake, kicheko kinakufa. Akichagua ya nyumbani peke yake, msomaji ataona utovu wa heshima mahali ambapo mwandishi aliona ukaribu.

Suluhisho limo ndani ya hali yenyewe. Mhusika na aanze kwa lugha ya juu, kisha hitaji lake limwangushe katika lugha ya nyumbani: "Ee Bwana Mwenyezi, Mfalme wa mbingu na nchi, ninakuja mbele zako kwa unyenyekevu… Baba, robe hainiingie tena, na ndoa njo kesho: nitafanya namna gani?" Anguko hilo kutoka lugha moja hadi nyingine linachekesha, na papo hapo ndilo wakati ambapo sala inakuwa ya kweli. Mzaha na imani vinakutana katika nukta moja ya sentensi. Jambo hili Kiingereza hakiwezi kulifanya kwa urahisi namna hiyo, na hapa lugha ya mfasiri ina utajiri kuliko lugha ya asili.

6. Upande wa Kiswahili

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake juu ya dini, adabu na ndoa. Karibu miaka mia moja baadaye Shaaban Robert alimtungia binti yake Utenzi wa Hati. Kwa kawaida tungo hizi husomwa bila tabasamu. Hata hivyo Ann Biersteker, mwaka 1991, alipendekeza kwamba utendi wa Mwana Kupona usomwe pia kwa sikio la kejeli, hasa pale mke anapofundishwa kumtunza mume kama mtoto mchanga. Si lazima kukubali pendekezo hilo lote. Yatosha kukiri kwamba wosia wa mama waweza kuwa na macho mawili: moja linaloamuru, jingine linalokonyeza.

Kwa upande wa Kongo, kipimo kilicho karibu zaidi ni maigizo ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Mwaka 1986 kundi hilo liliandaa mchezo uliojengwa juu ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima, na Johannes Fabian akaueleza katika kitabu chake cha mwaka 1990. Katika maigizo hayo kicheko hakimwogopi mkubwa. Chifu na raia wote wanachekwa. Ukilinganisha, riwaya nyepesi ya Kikristo ina kicheko kinachoshuka tu: kutoka kwa mzee kwenda kwa kijana, kutoka kwa kundi kwenda kwa mmoja, na mara nyingi kutoka kwa msichana kwenda kwa nafsi yake.

7. Hitimisho

Haifai kukidharau kicheko hicho. Msichana anayejifunza kuicheka aibu yake amepata dawa dhidi ya fedheha, nayo si dawa ndogo katika umri ambapo wimbi moja laweza kuonekana kama mwisho wa dunia. Marty na chapati zake wamewafariji wajane ambao hakuna hotuba iliyowafikia. Lakini kicheko kikikoma daima chini ya mimbari, msichana anajifunza pia kwamba makosa yake peke yake ndiyo ya kuchekesha, na makosa ya wanaomfundisha ni matakatifu. Hilo ni fundisho ambalo hakuna mwandishi kati ya hawa wanne aliyekusudia kulitoa, na kwa hiyo linastahili kuonyeshwa na uhakiki.

Riwaya ya namna hii ikiandikwa kwa Kiswahili cha Kongo, itakuwa na mama wawili wa kuifunza: Oke, anayejua kupika fundisho ndani ya tukio, na jukwaa la Lubumbashi, linalojua kwamba hata mwenye kiti hujikwaa. Mwandishi wake huenda yumo katika madarasa ya chuo kikuu wakati huu, akiandika nyuma ya daftari la isimu. Na asifute.