Kufu, Gharibu na Bustani ya Mawaridi

Katika maneno yote yanayosemwa posa inapoletwa nyumbani, hakuna lililo fupi na zito kama kufu. Wazee wakishaambiana kwamba kijana si kufu ya binti yao, barua hurudishwa, tambuu haitafunwi, na wapenzi wawili hubaki na lao moyoni. Neno hili ndilo linalofaa kutangulizwa mbele ya tamthilia ya Kipakistani Zindagi Gulzar Hai, yaani Maisha ni Bustani ya Mawaridi. Hadithi yake yote imejengwa juu ya suali ambalo pwani imejiuliza kwa karne nyingi: je, wawili waliotofautiana kwa hali waweza kulala chini ya chandarua kimoja bila ya mmoja kumlipa mwenziwe deni la kuzaliwa?

Tamthilia hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza na kituo cha Hum TV, kuanzia Novemba 2012 hadi Mei 2013, kwa sehemu 26. Imetokana na riwaya ya Umera Ahmed yenye jina hilo hilo, na iliongozwa na Sultana Siddiqui. Mwaka 2014 ilivuka mpaka ikaonyeshwa India, nchi ambayo Pakistan imepigana nayo vita zaidi ya mara moja, na huko nako ikapendwa. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Kashaf, anayechezwa na Sanam Saeed, ni binti wa mwalimu. Baba yake aliwapa kisogo akaoa mke wa pili kwa kuwa mama yake Kashaf, Rafia, alizaa mabinti watatu na hakuzaa mwana wa kiume. Zaroon, anayechezwa na Fawad Khan, amezaliwa katika nyumba ambayo bei ya kitu haiulizwi. Wanakutana chuo kikuu, wanachukiana, wanaachana njia; miaka inapita, Kashaf anafaulu mtihani wa utumishi wa serikali na kuwa ofisa, na mwishowe posa inaletwa.

Ubora wa tamthilia hii hauko katika mapenzi, bali katika hasira. Waandishi wengi wa visa vya namna hii humchora msichana maskini kuwa mnyenyekevu, mwenye machozi ya karibu na sauti ya chini, ili tajiri apate wa kumhurumia. Umera Ahmed amemchora msichana mwenye uchungu. Kashaf hapendi kuhurumiwa, hapendi zawadi, na hata Mola wake humuuliza masuali magumu katika kurasa za shajara anazotusomea usiku. Anapomsikia Zaroon akijigamba mbele ya marafiki zake kwamba anaweza kumpata, anamkabili hapo hapo bila ya kutetemeka. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Hata baada ya ndoa, na nyumba, na gari, Kashaf anaendelea kungojea siku atakayofukuzwa. Hofu hiyo haikuelezwa kwa hotuba. Inaonekana katika macho ya Sanam Saeed kila mume anapochelewa kurudi, na ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika mchezo huu.

Msikilizaji wa pwani anayeisikia kwa Kiurdu chake cha asili hupata faida isiyoandikwa chini ya picha. Masikio hudaka maneno yaliyovuka bahari ile ile: nikahi, talaka, mahari, aibu, haya, nasibu, riziki. Lakini lipo neno moja linalopotosha, na katika kupotosha kwake linafundisha. Kiurdu humwita maskini gharib. Kwa Kiarabu, na katika Kiswahili cha washairi wa zamani, gharibu ni mgeni, mtu asiye wa mahali pale. Neno ni moja, bahari imeligawa maana. Mfasiri wa haraka atasema Kashaf ni maskini, na hatokosea. Mwenye kulisikia neno kwa masikio mawili ataona zaidi: umaskini wa Kashaf unakwisha siku anapopokea mshahara wake wa kwanza, ila ugharibu wake haukwishi. Anaingia katika nyumba ya wakwe kama abiria aliyeshuka bandari asiyoijua, akiuweka mzigo wake karibu na mlango.

Hapa ndipo panapohitajika kurejea kwenye kufu, maana wengi hulitumia neno hili bila ya kulipima. Katika madhehebu ya Kihanafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Pakistan, mali ni miongoni mwa mambo yanayohesabiwa katika kufu: mume awe na uwezo wa mahari na matumizi. Katika madhehebu ya Kishafii, yaliyotawala pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba mali haihesabiwi. Huhesabiwa nasaba, dini, kazi na uungwana. Tofauti hiyo ni kubwa, ila madhehebu yote mawili yanakutana katika jambo moja ambalo barazani husahauliwa. Anayepimwa ni mwanamume. Kufu ni haki ya mwanamke na walii wake, ili asishushwe. Nao wakiridhia, wanaweza kuisamehe. Mwanamume anayeoa aliye chini yake hana ukuta wa kuuvunja, kwa kuwa ukuta huo haukujengwa mbele yake.

Kwa mizani hiyo, Zindagi Gulzar Hai haikuvunja kitu. Zaroon kumuoa Kashaf ni jambo ambalo sheria ililiruhusu na desturi ililizoea; matajiri wameoa mabinti wa kimaskini tangu dunia kuwa dunia. Tamthilia nyingi za tabaka na ndoa hupita njia hiyo hiyo. Maria, tamthilia ya Kiswahili iliyoanza kuonyeshwa na Citizen TV ya Kenya mwaka 2019, ilimchukua msichana wa mtaa wa mabanda ikamtia katika nyumba ya kitajiri, na mapenzi yakawa kwa mwana wa nyumba hiyo. Msichana hupandishwa, kijana hukaa pale pale alipo, na mtazamaji hulala akiwa ameridhika. Suali gumu huulizwa pale jozi inapogeuzwa: mwanamke awe juu, mwanamume awe chini. Hapo ndipo wenye nguvu hutoa makucha.

Historia ya pwani ina mfano wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten. Humo zimeelezwa posa, mahari, harusi, na mipaka baina ya waungwana na watumwa. Mwandishi huyo alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin, na mwaka 1904 akamuoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata alitaka kurudi naye kwao, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka na kuishi nchini kama mume na mke. Wakarejea Ujerumani, na Mtoro akafia huko mwaka 1927. Maofisa wa Kijerumani waliokuwa na masuria wa Kiafrika hawakuzuiwa bandarini. Alizuiwa Mwafrika aliyeoa kwa ndoa halali. Mtu aliyewaandikia wageni desturi za kwao alifanywa gharibu katika bandari ya kwao.

Katika fasihi, Shafi Adam Shafi aligusa kidonda hicho hicho katika Vuta N'kuvute, riwaya iliyotoka mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka kumi na mitano, anaozwa kwa Raza, mtu mzima wa rika la baba yake. Kwa macho ya wazee posa ile haina ila: kabila moja, dini moja, duka lina bidhaa. Kilichokosekana ni ridhaa ya msichana. Anapotoroka na moyo wake kumwangukia Denge, Mswahili asiye na kitu isipokuwa msimamo wake dhidi ya ukoloni, jamaa zake wanamfungia mlango. Kufu ilitimizwa na mwanamke akavunjwa.

Visiwa hivi vimeshuhudia pia kinyume chake. Septemba 1970, katika Unguja ya baada ya Mapinduzi, wasichana wanne wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu watu wazima, wakiwamo viongozi wa serikali, na jambo hilo likatetewa kwa hoja ya kufuta ubaguzi. Safari hii kufu ilivunjwa, na mwanamke akavunjwa vile vile. Tukiiweka ndoa ya Yasmin na zile za 1970 katika mizani moja, tunaona kwamba tabaka peke yake si kipimo. Kipimo ni nani aliyefungua kinywa kusema nimeridhia, na alipokisema alikuwa na njia nyingine ya kupita au hakuwa nayo.

Kwa kipimo hicho tamthilia ya Umera Ahmed inapanda daraja, kisha inateleza. Inapanda kwa kuwa Kashaf ana njia nyingine. Anakuja kwenye ndoa akiwa na kazi, cheo na nyumba ya serikali. Anaikataa posa kwanza, na anapoikubali hakubali kwa njaa. Inateleza kwa namna ilivyowatendea wanawake wa upande wa pili. Asmara, aliyechumbiwa na Zaroon, uchumba wake unavunjika kwa mavazi yake na matembezi yake. Sara, dada yake Zaroon, anapewa talaka, na mchezo unatutaka tuamini kwamba ameyataka mwenyewe kwa kupenda uhuru. Mama yao, mwanamke mwenye shughuli zake, anachorwa kama mtu aliyeiacha nyumba ukiwa. Mwandishi amempandisha mwanamke maskini kwa kuwashusha matajiri, na mwanamume akabaki juu ya kiti cha hakimu. Heshima ya Kashaf haikuhitaji fedheha ya Sara.

Lipo jambo jingine ambalo mtazamaji wa Vihingo, katika mashamba ya Kisarawe, angeliona mapema kuliko mtazamaji wa Karachi. Hiyo ni nchi ya Wazaramo, ambao kwa desturi yao ya kale ukoo hupita kwa mama. Mwali akiwekwa ndani, alipewa mwana hiti, sanamu ndogo ya mti yenye umbo la kike, aitunze kama mtoto. Kwa maana uhai wa ukoo mzima uko katika tumbo lake. Katika desturi hiyo, nyumba inayohofiwa kufa ni ile isiyo na mabinti. Rafia na wanawe watatu wa kike wangehesabiwa tajiri, na Murtaza aliyeondoka kutafuta mwana wa kiume angeonekana amekimbia hazina. Uislamu, mji na fedha zimebadilisha mengi Uzaramo, lakini kumbukumbu hiyo inatosha kuonyesha kwamba aibu ya Rafia si maumbile. Ni desturi ya mahali fulani, na desturi hubadilishwa.

Mwisho wa tamthilia unalijua hilo. Kashaf anajifungua mapacha, wote wawili wa kike, na Zaroon anawapokea kwa furaha isiyo na doa. Hapo, bila ya hotuba, jeraha la sehemu ya kwanza linapata dawa yake. Ni tendo moja dogo, na lina uzito kuliko posa, harusi na majumba yote yaliyotangulia. Maana ukuta uliomdhuru Kashaf haukuwa wa mali pekee. Ulikuwa ukuta wa baba aliyehesabu watoto akaona hana kitu.

Kazi hii inastahili kutazamwa na kujadiliwa barazani, kwa ujasiri wake na kwa kasoro zake. Wenye kuandika michezo ya televisheni kwa Kiswahili wana la kujifunza katika hasira ya Kashaf, nao wana deni ambalo Pakistan haikuwalipia: kisa cha binti wa tajiri na kijana asiye na kitu, kilichoandikwa bila ya kumgeuza kijana mrithi wa siri katika sehemu ya mwisho, na bila ya kumwadhibu binti kwa kuchagua. Siku kisa hicho kitakapoonyeshwa, ndipo itakapojulikana kama pwani imelisamehe neno kufu, au imelihifadhi sandukuni pamoja na kanga za harusi.