Tabibu wa Mkimbiaji Hupimwa Kesho Asubuhi

Nimesoma sifa nyingi mno za kozi moja ya wikendi iliyofanyika Eldoret kwa wataalamu wa afya wanaotaka kuwahudumia wakimbiaji. Washiriki walifundishwa kubandika tepu, kuumika na kudunga sindano zisizo na dawa. Jumapili jioni wakapewa vyeti, na picha zao zikasambaa pamoja na pongezi za makocha ninaowaheshimu. Katika siku hizo mbili hakuna aliyefundishwa kusoma daftari la mazoezi, wala aliyemfuata mkimbiaji hata mmoja hadi kesho yake. Kazi hiyo ni duni. Inanikera kuona watu wenye macho wakiisifu, maana huku kwetu mguu wa mkimbiaji mmoja ndio karo ya wadogo zake, shamba la mamake na paa la nyumba yao.

Basi niseme jinsi ninavyompima mtu wa kazi hii.

Kwanza natazama chumba chake. Kinapaswa kuwa na kidato cha kushushia kisigino, vyuma vya kunyanyua au gunia la mchanga, na nafasi ya mtu kuruka kwa mguu mmoja. Kitanda kikae pembeni. Kikiwekwa katikati, mwenye chumba anaamini kwamba kazi yake ni kulaza watu. Mashine zenye taa zisizidi moja. Mashine ya kukimbilia haina kazi Iten, ambako mguu unakanyaga udongo mwekundu wenye mawe na mabonde, na barabara imeinama kuelekea mtaroni. Video ya dakika tatu juu ya mkanda wa mpira haikuambii lolote kuhusu mguu huo. Tabibu mwenyewe awe amewahi kukimbia. Simtaki aliyeshinda, namtaka anayeijua kilomita ya thelathini. Na kucha zake ziwe fupi.

Leseni ni sharti, siijadili. Tangu Sheria ya Wanafiziotherapia ya 2014, Kenya ina baraza la kuwasajili, na asiyesajiliwa asikuguse. Ila leseni inathibitisha kwamba mtu amesomea mwili. Kumjua mkimbiaji ni jambo jingine.

Kisha namsikiliza anavyouliza. Aliyefunzwa vibaya huanza na mahali panapouma na kuishia hapo hapo. Hupapasa goti, hutazama unyayo, hutangaza kwamba mguu mmoja ni mfupi kuliko mwingine, huuza soli. Aliyefunzwa vizuri huuliza ni nini kilichobadilika. Umeongeza kilomita ngapi mwezi huu? Umehama kundi? Umepata viatu vipya kutoka kwa meneja ukavivaa siku hiyo hiyo? Umepanda Fluorspar, ile kilomita ishirini na moja ya mlima mtupu kutoka Bonde la Kerio, ukiwa umetoka tu kuugua malaria? Majeraha mengi ya mbio huzaliwa pale mzigo unapopanda haraka kuliko mwili unavyoweza kujijenga, na ushahidi wake umo katika daftari la mazoezi. Kwa binti, tabibu mzuri huuliza pia kuhusu chakula na hedhi, bila kuinamisha macho, kwa sababu mifupa ya anayekula kidogo kuliko anavyokimbia huanza kupasuka. Asiyeweza kuuliza swali hilo kwa adabu asiwashike mabinti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mgeni wa kazi hii hulikosa kila mara: kesho asubuhi.

Mtazamaji wa kawaida humhukumu tabibu kwa yanayotokea mkimbiaji anapoinuka kitandani. Ameingia akichechemea, ametoka akitembea sawasawa, watu wanapiga makofi. Lakini kano ni mnafiki mkubwa. Ukiipasha moto hunyamaza. Ukiichua hunyamaza kwa saa kadhaa. Hata ukiikimbiza, ikishazoea kilomita mbili za kwanza, hunyamaza kabisa. Jibu lake la kweli hulitoa baada ya kulala, pale mtu anaposhusha miguu kitandani na kukanyaga sakafu ya saruji katika baridi ya mita 2,400 juu ya bahari. Hatua kumi za kwanza zinasema yote. Je, kisigino kimekakamaa? Kinalegea baada ya hatua ngapi, au baada ya dakika ngapi? Leo ni zaidi ya jana au pungufu? Maswali hayo yakiulizwa kila siku kwa maneno yale yale, yana thamani kuliko mashine zote za chumbani.

Hili si wazo langu la kijijini. Karin Grävare Silbernagel na wenzake nchini Uswidi walichapisha mwaka 2007 utafiti juu ya watu wenye maumivu ya kano ya Akilesi, ile ya nyuma ya kisigino. Baadhi yao waliruhusiwa kuendelea kukimbia na kuruka kwa kanuni: maumivu yanaweza kufika tano kwa kumi, lakini lazima yawe yametulia kufikia asubuhi inayofuata, na kukakamaa kusiongezeke wiki hadi wiki. Hawakupona vibaya kuliko waliopumzishwa mbio. Kanuni nzima imesimama juu ya asubuhi hiyo. Hata hivyo ninakutana na wahitimu wanaoitaja ile tano kwa kumi wakiwa wameisahau asubuhi, na hapo hawajajifunza chochote.

Katika kambi moja upande wa Kaptagat palikuwa na mzee mmoja mchua misuli, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Vijana walimsifu kwa mikono yake. Mimi nilimheshimu kwa sababu kila siku, kabla ya saa kumi na mbili, alikuwa ameshasimama karibu na bomba la maji akiwatazama wakitoka vyumbani kwenda kunawa. Alijua nani ameshika ukuta, nani ameshuka ngazi kiubavu, nani amefika bombani kabla mguu haujalegea. Mkufunzi alipopuliza filimbi, mzee alikuwa ameshawaondoa wawili kundini. "Wewe leo ni chai tu," alimwambia bingwa mmoja aliyekuwa na medali nyumbani, na bingwa akarudi kunywa chai. Alilala kambini na kula ugali meza moja nao. Siku hizi tabibu huja na gari saa nane mchana na kuondoka saa kumi, na hajawahi kumwona mkimbiaji wake akiamka.

Walaghai wanaujua ukweli huu wa asubuhi pia, ndiyo maana huukimbia. Namkumbuka mmoja aliyependa kufanya kazi Jumatano jioni. Alibonyeza kando ya mahali panapouma mpaka mtu akatokwa na machozi, kisha akamwamuru aruke mara tatu mbele ya wenzake. Akaruka. Alhamisi saa tatu kijana akaingia kwenye fatleki ya Iten, yale mazoezi ya kubadilisha kasi, na ule umati wote, mwili ukiwa umepata moto, akamaliza vizuri. Ijumaa asubuhi hakuweza kukanyaga chini. Kufikia hapo pesa zilikuwa zimelipwa na mganga yuko mji mwingine.

Wa hatari zaidi ni wenye sindano. Kotikosteroidi huzima maumivu upesi na watu huita hiyo tiba. Ikidungwa kwenye kano ya Akilesi inaweza kuidhoofisha hadi ikatike. Tena tangu tarehe 1 Januari 2022 sindano zote za glukokotikoidi, kundi la dawa hizi, zimepigwa marufuku siku za mashindano, na wakimbiaji wa Kenya wameadhibiwa kwa triamsinoloni, mojawapo ya dawa hizo. Hata kabla ya hapo, taji la wanawake la Boston Marathon ya 2021 lilipotea kwa triamsinoloni. Kozi inayofundisha kutibu majeraha ya mbio bila kuigusa orodha ya dawa zilizokatazwa inamwandaa mtabibu kumfungisha mgonjwa wake.

Kozi ya kweli humfundisha mtu subira ya namba. Mwaka 1998 Håkan Alfredson, daktari wa upasuaji wa Umeå, Uswidi, alichapisha matokeo ya wakimbiaji kumi na watano. Walishusha kisigino kwenye kidato mara kumi na tano, seti tatu, goti likiwa limenyooka, kisha tena likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni. Hiyo ni mara 180 kwa siku, kwa wiki kumi na mbili. Wote kumi na watano walirudi kukimbia kama zamani. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbiaji mwenye kano mbovu. Mkubwa wake alipomnyima upasuaji, akaamua kuibebesha kano mzigo mpaka ikatike ili asikataliwe tena upasuaji. Ikapona. Leo wanafunzi hutaja jina lake kisha humpa mgonjwa seti mbili kwa wiki mbili. Anayempa mkimbiaji zoezi bila idadi, uzito na tarehe ya kulipandisha, huyo hajafunzwa.

Na ajue pale kanuni ya kano inapokoma. Maumivu ya kinena yanayomwamsha mtu usiku, au yanayomchoma akirukia mguu mmoja, yanaweza kuwa ufa katika shingo ya mfupa wa paja. Hapo hakuna tano kwa kumi. Hakuna kusubiri asubuhi wala kuchua. Ni magongo na kipimo cha MRI, kwa kuwa eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu. Vivyo hivyo mfupa wa navikula juu ya wayo, na sehemu ya mbele ya ugoko. Mimi humpima mhitimu kwa mgonjwa wa namna hii kuliko kwa mwingine yeyote. Akigusa mafuta ya kuchulia kabla ya kumrusha mguu mmoja na kumuuliza habari za usiku, nimemaliza naye.

Ninawaomba wanaoandaa kozi ijayo waianze Jumatano. Washiriki wawapime wakimbiaji siku hiyo, wasimame nao kwenye fatleki ya Alhamisi, na Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili wawe mlangoni mwao kuwaona wakishuka kitandani. Kisha kila mmoja apewe mkimbiaji wake na daftari, na cheti kisitolewe kabla ya wiki kumi na mbili kuisha. Kozi isiyoweza kufanya hivyo, msiilipie.